Chekechea: mchezo peke yake hautoshi

Walimu wa elimu ya awali wamegawanyika kambi mbili. Wapo wanaotaka mtoto aachwe acheze na kuongea, lugha itakuja yenyewe. Wapo wanaotaka mwalimu asimame mbele, afundishe sauti za herufi kwa mpango, darasa zima liitikie.

Kambi ya kwanza ina ushahidi wa kutosha. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walieleza jaribio walilofanya Marekani kwa watoto wa miezi tisa. Waliosomewa na kuchezeshwa na mtu anayezungumza Kichina walitambua sauti za lugha hiyo baadaye. Walioonyeshwa mambo hayohayo kwenye video hawakuambulia kitu.

Lakini ushahidi huo unasifu mazungumzo, si mchezo, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Barbara Tizard na Martin Hughes waliwarekodi wasichana wa miaka minne hivi nchini Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 1984. Nyumbani waliwamwagia mama zao maswali. Chekechea, penye vifaa vyote vya kuchezea, waliuliza machache mno. Watoto wengi, mtu mzima mmoja: nani atamjibu nani?

Kambi ya pili nayo haipaswi kubezwa. Kusema mtoto huokota kwa wanaomzunguka; kusoma hakuokotwi. Kwamba “mama” lina sauti nne, na kila sauti ina alama yake, ni jambo la kuonyeshwa. Kuitikia kwa pamoja nako humpa mtoto mwenye aibu mahali pa kujaribu sauti yake bila kutazamwa. Tatizo ni kwamba humficha pia. Mwalimu anainua picha, “Hiki ni nini?” Darasa linanguruma, “Kikombe!” Wa nyuma kabisa amechezesha midomo tu, na mwalimu ameridhika.

Linganisha na swali la mtu mmoja: “Gari lako linakwenda wapi?” Kimya. Mtoto anatazama mchoro wake, anafikiri. Wengi wetu tungemsaidia haraka, “Sokoni, eti?” naye angekubali kwa kichwa, mazungumzo yakaishia hapo. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi, alikuta walimu wakisubiri jibu kwa sekunde moja hivi tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka. Mtoto wa miaka minne, kwa maoni yangu, anahitaji hata zaidi.

Kwa hiyo ningetenga muda mfupi wa herufi kila siku, ufundishwe waziwazi, bila kuona haya. Muda unaobaki watoto wacheze, ila mwalimu asiugeuze kuwa wa kusahihisha madaftari. Wengine wakijenga na kuchora, yeye akae chini na wanne au watano, awaulize asichokijua, kisha anyamaze.