Shem, lile ua lilikuwa na kiazi chake

Jumamosi kikundi chetu cha kufa na kuzikana kilikutana kwa mara ya kwanza bila msiba wala harusi, tukakodi Noah mbili tukapanda Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya maua kule nyanda za juu kusini, kuangalia maua. Mimi ndo niliyeipigia debe hiyo safari, kwa hiyo lawama zote za baridi nilizibeba mimi, na za zile kona 57 pia, maana dereva alitushawishi tupandie Chimala eti tukaone mandhari. Mandhari gani, watoto watatu walitapika kabla hatujafika Matamba.

Tukaingia bonde la Numbi. Unafuata kijito, unakivuka kwenye mawe, unapandisha upande wa pili mdogomdogo halafu unazunguka unatokea ulipoanzia. Wala sio njia ya kukutoa jasho, tuna mama wa miaka 64 alimaliza na kitenge chake na raba za mjukuu. Kuna mmoja aliuliza "kwa hiyo tumetembea masaa yote haya tukarudi palepale?" na kusema kweli sikuwa na jibu. Mwingine alikuwa anadai simba, akaoneshwa ndege tandawala kwa mbali, akauliza kama analika.

Ila maua jamani! Wenzetu huko Ulaya yao yanasubiri baridi iishe, haya ya kwetu yanasubiri mvua ya Novemba tu, mpaka Februari hii uwanda mzima umevaa. Mekundu yamesimama kwenye majimaji kama mienge, ya njano yamemwagika kilima kizima, na okidi ziko chini kwenye nyasi hazitaki makuu, mpaka uiname. Aina zake zinafika 45 hapo hapo Kitulo, halafu mtu wa Mwanjelwa hapo Mbeya anazeeka hajawahi kwenda.

Sasa shem wetu mmoja (simtaji, anajijua) akaiona okidi moja ya zambarau, udongo umelowa, akavuta ikaja nzima nzima na kiazi chake. Akachomeka sikioni, picha kumi na tano, pozi la kuangalia chini, pozi la kuangalia mbali, halafu kabla hatujafika kwenye gari akaitupa. Nikamwambia shem hiyo hairuhusiwi. Akacheka, "ua moja tu, yako maelfu". Nikanyamaza, sikutaka ugomvi mbele za watu. Kilichonimaliza ni njiani kurudi, mtu huyohuyo anatuhutubia garini kwamba wanaomaliza maua ya Kitulo ni akina mama wa vijijini wachimba chikanda, yaani hivyo viazi vya okidi vinavyoliwa, hawana elimu, wakamatwe.

Aisee.

Jirani yangu ni mama wa Makete, kachimba chikanda tangu msichana, kabla pale hapajawa hifadhi. Aliwahi kunisimulia, "Mwanangu, tulikuwa tunapima kwa debe, wafanyabiashara wanabeba mpaka Tunduma, wanavusha Zambia." Kule wanatwanga, wanachanganya na karanga na pilipili na magadi, wanapika mpaka inashikana wanakata vipande kama keki. Wazambia okidi za kwao zilikuwa zimepungua ndo wakahamia zetu. Hela ya yule mama ilinunua madaftari na sweta za shule, na baridi ya Makete unaijua.

Haya, nakubali, chikanda imeharibu kuliko shem na simu yake, wala sio kidogo. Viazi vilivyovuka mpaka ni mamilioni, na ni moja ya sababu pale pakawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mama mwenyewe anasema mwishoni walikuwa wanashinda porini kutwa nzima wanarudi na nusu debe. Hajitetei. Lakini yeye alijua anachong'oa! Alinielezea chini ya kila okidi kuna viazi viwili, kimoja kimelegea kwa sababu ndo kinalisha ua la mwaka huu, kingine kigumu ni akiba ya mwakani, na wao walikuwa wanachukua hicho kigumu. Yaani ukivuta mzima umebeba la mwaka huu na la mwakani, na usiniambie litaota lingine, mbegu zake ni vumbi tupu na haziamki bila kukutana na kuvu wake kwenye udongo. Sasa kati ya aliyeng'oa mtoto avae sweta na aliyeng'oa akapate likes, nani wa kumhutubia mwenzake kuhusu elimu? Tena huyu wa kwetu ana digrii, na suruali ya kupandia mlima yenye mifuko minane.

Na msiniambie tuwekewe vibao. Mtu mzima anahitaji kibao cha kumwambia asing'oe?

Mimi pia sio malaika, nilikanyaga nyasi nje ya njia nikitafuta kivuli cha picha nzuri, na nilinyamaza pale nilipotakiwa kusema. Hilo la pili ndo linaniuma mpaka leo Jumanne.

Picha kaiweka status. Mtu kamuuliza hapo ni Uholanzi? Kajibu kwa kicheko tu, wala hajataja Kitulo. Ukiivuta kwa karibu unakiona kiazi kinaning'inia kwenye shavu lake, bado kina udongo.