Chupa za viwanda vilivyofungwa: mkusanyaji wa wiski anahifadhi nini?

Mwaka 1983 kampuni ya Distillers Company Limited ilifunga viwanda 11 vya wiski ya kimea (shayiri iliyochipushwa) huko Scotland. Maghala yalikuwa yamefurika, soko limelegea, na sehemu kubwa ya wiski hiyo ilikuwa ya kuchanganywa na ya viwanda vingine. Katika kisiwa cha Islay kampuni ilikuwa na viwanda vitatu. Ikabaki na Caol Ila na Lagavulin, ikaifunga Port Ellen. Huko kaskazini, Brora nayo ikafungwa. Ilikuwa hesabu ya biashara, si hukumu ya ladha.

Leo chupa zenye wiski ya Port Ellen na Brora ya miaka hiyo huuzwa mnadani kwa maelfu ya pauni. Ubishi ni huu: anayekusanya singo molti za zamani, yaani wiski za kimea za kiwanda kimoja kimoja, anailinda historia, au anaifungia kabatini?

Naanza na utetezi wake, kwa sababu una nguvu kuliko wengi wanavyokiri. Kiwanda kikifa, huondoka na mali zake. St Magdalene ya Linlithgow, iliyofungwa mwaka huohuo, sasa ni makazi ya watu. Rosebank ya Falkirk, iliyofungwa 1993, iliibiwa hata mitungi yake ya shaba ya kukenekea. Kilichobaki ni wiski iliyolala kwenye mapipa, nayo hupotea hewani kwa kiasi cha asilimia 2 hivi kila mwaka. Kampuni ya vinywaji ya Diageo, iliyorithi mapipa ya Port Ellen na Brora, ilianza 2001 kutoa Port Ellen kidogokidogo kila mwaka, na Brora ikafuata. Watu walizigombania. Brora ikarudi kazini 2021, Rosebank 2023 chini ya wamiliki wapya, Port Ellen Machi 2024. Bila wakusanyaji kuyaweka hai majina hayo, sioni nani angemwaga fedha kwenye kiwanda kilichokaa kimya kwa miongo mitatu au minne.

Tena mkusanyaji makini hujua mambo ambayo lebo haisemi. Brora ilianzishwa 1819 na Marquess of Stafford, aliyekuja kuwa Duke of Sutherland, katika nchi ambayo wakulima walikuwa wamefukuzwa mashambani kupisha kondoo. Waliosukumwa pwani walilima shayiri, na kiwanda cha bwana huyohuyo kikawa soko lake. Kwangu mimi wiski hiyo haitenganishwi na watu hao, na anayeikusanya bila kutaka kuijua habari yao ananunua glasi na karatasi.

Hapo ndipo upande wa pili unaponigusa. Novemba 2023, nyumba ya mnada ya Sotheby's huko London iliuza chupa ya 1926 ya Macallan, singo molti ya Scotland, kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ilitoka kwenye pipa moja lililokaa miaka 60 na kutoa chupa 40 tu. Kwa bei hiyo, kinywaji kimegeuka hati ya hisa. Na wiski si mvinyo: ikishatiwa kwenye chupa haizeeki tena. Miaka inayopita kabatini huongeza bei, haiongezi ladha.

Fedha hizo zimevuta waghushi. Mwaka 2018 maabara ya vyuo vikuu vya Scotland iitwayo SUERC ilipima chupa 55 zilizodaiwa kuwa za zamani. 21 zilikuwa za kughushi au hazikutengenezwa mwaka uliotajwa. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliongeza kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, hewani, shayiri ikaifyonza, kwa hiyo wiski iliyotengenezwa baadaye haiwezi kujifanya ya karne ya 19. Mwaka mmoja kabla, mgeni kwenye hoteli moja ya Uswisi alikuwa amelipa takriban faranga 10,000 kwa glasi ya Macallan ya "1878". Vipimo vilionyesha imetengenezwa kati ya 1970 na 1972. Nalisisitiza hili: uongo ule ulifichuka kwa sababu chupa ilifunguliwa. Ingebaki imefungwa, ingeendelea kuuzwa kutoka mkono hadi mkono huku kila mmiliki akijiona mlinzi wa historia.

Kuna wanaosema Port Ellen ilipata heshima kwa kufa tu, kwamba uhaba ndio uliogeuka ladha. Wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa enzi ya uhai wake ilikuwa wiski ya kuchanganyia. Lakini dai hilo haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa kutazama lebo.

Kwa hiyo namuunga mkono mkusanyaji, ila yule anayefungua. Port Ellen mpya ina mitungi ya shaba iliyochongwa kwa kufuata ile ya zamani, na kwa sheria kinachokenekwa humo hakiitwi wiski ya Scotland hadi kikae kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka 3. Muda huo ukitimia, kuilinganisha na ile ya kabla ya 1983 kutategemea wenye chupa za zamani kukubali kuzitoa zinywewe.