Mtangazaji Ambaye Hajakisoma Kitabu

Hivi ni nani aliyewaambia watangazaji wetu wa televisheni kwamba kumhoji mwandishi ni kumsomea maneno ya jalada la nyuma la kitabu chake mwenyewe? Mtu ametoka mtaani Kibokoni alfajiri, kanzu imepigwa pasi, riwaya i kwapani, halafu swali la kwanza analotupiwa ni: "Kwa ufupi, kitabu chako kinahusu nini?" Kwa ufupi! Kurasa 300 zimalizwe kabla ya tangazo la sabuni! Kitabu chenyewe kimelala mezani, mgongo wake haujakunjika hata kidogo, na kinapoinuliwa mbele ya kamera huwa kichwa chini. Kisha yanafuata maswali tuliyokwisha kuyakariri sote majumbani: nini kilikusukuma kuandika, una ujumbe gani kwa vijana, na, Mola atuhifadhi, siasa za kaunti unazionaje? Haya yanatendeka Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji, ambako ubeti mmoja wa karne ya 19 unaweza kubishaniwa barazani hadi kahawa ikapoa. Muuza kahawa angeuliza maswali bora zaidi, tena bila karatasi. Na pale mwandishi anapoanza, hatimaye, kueleza kwa nini alimuua mhusika wake mkuu, anaambiwa muda umekwisha. Tunakwenda kwenye michezo.