Shangazi na mihuri 17

Kwanza niseme hivi, shangazi yangu hana kosa. Kosa langu, na nimekiri mbele ya kikao cha ukoo kizima, sasa basi yaishe.

Ilikuwa Februari 2022, mimi nipo Deira, Dubai, nafanya kazi za kusafirisha mizigo, shangazi akaja kutembea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Wakati ule Dubai nzima wimbo ni mmoja, Expo, Expo. Yale maonesho yalitakiwa yafanyike 2020, korona ikayapiga kumbo, yakaanza Oktoba 2021 mpaka mwisho wa Machi 2022 lakini jina wakaling'ang'ania hivyo hivyo Expo 2020, maana nadhani fulana zilishachapwa. Shangazi akaniuliza Expo ndo nini, nikamwambia ni kama Sabasaba ila ya dunia nzima, nchi 192 kila moja na banda lake. Akanyamaza kidogo halafu akauliza, "Mihogo ya kukaanga ipo?"

Tukaenda na metro. Pale mambo yakaanza kuharibika mapema, maana metro ya Dubai ina behewa la wanawake na watoto, mwanaume ukijichanganya ni faini dirhamu 100, basi shangazi kule mimi huku, na yeye kila stesheni anachungulia mlangoni anaita kwa sauti "Baba upooo?" na mimi nainua mkono kama mwanafunzi. Stesheni kumi na kitu hivyo hivyo. Kuna Mfilipino alifika mahali akawa ananiinulia yeye.

Getini tena, mimi dirhamu 95, shangazi bure kwa sababu kavuka miaka 60. Akafurahi hiyo bure kuliko maonesho yenyewe, akaniambia "uzee nao una bei baba".

Sasa ngoja nieleze habari ya pasi maana ndo kiini cha matatizo yote. Expo walikuwa wanauza kijitabu cha njano mfano wa pasi ya kusafiria, dirhamu 20, kurasa 50, ukiingia banda la nchi unagonga muhuri wa nchi ile, ukimaliza unabaki na kumbukumbu. Huo mchezo wa pasi waliuanza Canada kwenye maonesho ya Montreal 1967 na mpaka leo watu wanakimbizana na mihuri kama wanalipwa. Mimi ubahili wangu unajulikana, nikanunua kimoja tu, changu, na ili kisikunjike nikakivalisha lile kava la ngozi la pasi yangu halisi. Pasi halisi ikabaki uchi ndani ya droo nyumbani. Kumbuka hilo kava, tutarudi.

Shangazi akauliza hicho nini. Nikamjibu haraka haraka, huku nasukumwa na foleni, "Pasi hii shangazi, ukiingia nchi ya watu lazima ugonge muhuri." Maneno yangu hayo, neno kwa neno. Akasema ahaa.

Tukazunguka. Jamani lile eneo ni hekta 438, miguu yangu mpaka leo ina kinyongo nalo. Katikati kuna kuba la chuma linaitwa Al Wasl, upana mita 130, usiku wanalimulika picha linageuka bahari, linageuka nyota. Shangazi akalitazama akauliza huu msikiti? Nikasema hapana, Al Wasl ni jina la zamani la Dubai, maana yake kuunganika. Akasema si ndo hiyo hiyo kuwasili, basi sisi tumewasili. Mimi nimekaa Dubai miaka sita sikuwahi kuliona hilo, mama wa Tanga kaliona siku ya tatu.

Kulikuwa na viroboti vinazurura njiani. Kimoja kikasimama mbele yetu, kikawasha macho, kikasema hello. Shangazi akakiangalia juu chini, akajibu "Marahaba mwanangu." Kikakaa pale kinajifikiria. Nadhani hakikufundishwa shikamoo.

Banda la Uholanzi unapewa mwamvuli unaingia nao kwenye giza, picha zinamulikwa juu ya mwamvuli wako, kitu kizuri kweli. Ukitoka unarudisha. Shangazi hakurudisha, yeye alijua ni zawadi, nikawa navuta huku anavuta kule mbele ya yule binti wa mlangoni, mpaka shangazi akauachia ghafla nikaenda kukaa chini. Banda la Italia wameweka sanamu ya Daudi ya Michelangelo, nakala iliyochapwa kwa mashine ya 3D, ila ulipo wewe unaona kichwa na shingo tu, kiwiliwili kimebaki ghorofa ya chini. Shangazi akanishika mkono, "Huyu wamemfukia akiwa hai?" Nikamweleza mwili uko chini na hajavaa nguo. Akasema basi wamefanya la maana, tuondoke.

Na nitoke nje ya mada kidogo. Haya maonesho ya dunia ndo yametuachia mnara wa Eiffel, ulijengwa kwa ajili ya maonesho ya Paris 1889 na ulikuwa ubomolewe baada ya miaka 20. Hata lile gurudumu kubwa la bembea ambalo watoto wanalilia kila sehemu yenye michezo lilianzia kwenye maonesho ya Chicago 1893. Lakini kwenye maonesho ya Brussels 1958 Wabelgiji waliwaleta Wakongo wakawaweka ndani ya uzio wa kijiji cha kuigiza, wageni wakawa wanawarushia ndizi, mpaka wenyewe wakachoka wakaondoka. Shangazi yangu mwaka ule alikuwa hajazaliwa bado. Sasa nilipokuwa namuona anaingia banda la Ubelgiji na mkoba kwapani, anagusa kila kitu, anauliza bei, sikumwambia hiyo habari lakini nilimuacha aguse.

Kufika saa kumi jioni mimi nimekwisha. Nikakaa kwenye benchi, nikamwambia shangazi yale mabanda madogo madogo pale yameshikana, ingia toka, mimi nakuona. Akaenda. Mama mtu mzima wale mabinti wakimuona tu wanampitisha pembeni ya foleni, basi akawa anaingia huku anatokea kule, kila akitoka ananipungia, na mimi nanyanyua kidole gumba na kurudi kwenye simu. Nilijua anaangalia batiki.

La mwisho tukaingia Luxembourg. Banda limejipinda kama utepe, na ukitaka kushuka kuna njia mbili, ya kawaida, au lile la kutelezea kama la watoto, refu, linazunguka mpaka chini. Shangazi akakunja uso, "Mie na baibui langu sitelezi hapo. Shika mkoba, nipitie ngazi." Nikaupakata mkoba, nikajiachia.

Zipu ilikuwa wazi.

Nilifika chini wa tatu. Wa kwanza ilifika tasbihi, ikafuatia sambusa iliyofungwa kwenye foili ya tangu asubuhi, ikabiringika mpaka miguuni kwa mtoto mmoja wa Kizungu, akaiokota akaanza kuifungua. Mimi natambaa naokota karafuu, Panadol, chenji, khanga, kichupa cha udi. Na hapo pembeni, imefunguka wazi chali, pasi ya kusafiria. Ya bluu. Ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nikaona rangi. Nikasema hapana. Nikasogeza macho karibu. Ngamia. Nikafunua, ua jekundu. Nikafunua, maandishi ambayo mpaka leo sijui ya nchi gani, yamegongwa mara mbili kwa sababu la kwanza halikutoka vizuri. Kulikuwa na wa duara, wa pembetatu, na mmoja wa samaki. Nilihesabu nimekaa chini vile vile, kumi na saba. Na ule wa samaki, aisee, ulikuwa umelala juu ya muhuri halisi wa kuingilia Dubai, yaani tarehe yote imemezwa na samaki.

Shangazi akateremka ngazi taratibu, kajaa furaha. "Umeiona? Nimekupita. Wewe una mingapi?"

Mimi nilikuwa na tisa.

Nikamuuliza nani kakugongea. Akasema hakuna, mihuri ipo mezani pale, kila mtu anajigongea, nchi za wenzetu hizi watu wanaaminiana. Na si ndo ulivyoniambia, ukiingia nchi ya watu lazima ugonge?

Usiku sikulala. Tulikuwa tusafiri wote baada ya siku nne, mimi naingia likizo. Nikapiga picha zile kurasa nikatupa kwenye grupu la WhatsApp la wabongo wa huku nikauliza hii imekaaje. Nisingeuliza. Wa kwanza akasema pasi hiyo ishaharibika, atazuiwa. Wa pili akasema kuna jamaa yake alifungwa, alipoulizwa jamaa gani akatoka kwenye grupu. Wa tatu akashauri jiki kidogo kwenye pamba. Wa nne akasema chana hizo kurasa, mwenye akili mmoja akamjibu chana halafu ukaoe gerezani. Mimi nikachagua njia ya katikati, ufutio. Nikamfuta samaki dakika ishirini taratibu kabisa, samaki hakutoka, ila ukurasa ukaanza kuota manyoya, na samaki sasa akawa anaonekana kama yuko kwenye ukungu. Nikaacha.

Siku nne zile nilizaliwa upya. Nilikariri maelezo kwa Kiingereza na kwa Kiarabu cha kuokoteza, "hii bibi mkubwa, haina jua, Expo, Expo". Usiku wa kuamkia safari niliikagua pasi ya shangazi mara tano, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka kwenye begi la mkononi pamoja na tiketi, cheti cha chanjo, vyote vyake. Changu nikachukua kava la ngozi pale juu ya kabati nikatumbukiza. Kava si lile nalijua, la kahawia.

Tukafika uwanjani, kaunta, dada wa watu katuchangamkia. Nikampa ya shangazi kwanza, huku jasho linanitoka mgongoni nimeshaanza hotuba, "Sista, this one is old mama, Expo..." Dada akafungua ukurasa wa picha, akaiweka kwenye mashine, ikalia tii, akafunua mbele akaona mihuri, akatabasamu, akamwonesha mwenzake ule wa ngamia, akarudisha. Sekunde ishirini hazikufika. Siku nne za presha, sekunde ishirini!

"And yours, sir?"

Nikasukuma kava kwa mbwembwe, nimeegemea kaunta, mzigo umeshanitoka. Dada akafungua. Akaangalia. Akaniangalia. Akageuza upande wa pili. Akakitoa kwenye kava polepole, kijitabu cha njano, kimebeba mihuri yangu tisa.

"Sir," akasema kwa upole ule wa hospitali, "hii hatuwezi kuitumia."

Nilikimbia, nikapanda teksi mpaka Deira, ile pasi iko kwenye droo imelala uchi na risiti za kufulia, nikarudi, foleni ya Airport Road asubuhi ile sitaki hata kuikumbuka. Kaunta imefungwa. Shangazi alishapita kitambo, uhamiaji walimuangalia kwenye kompyuta wakamgongea kwenye ukurasa mweupe wakamtakia safari njema, yeye mwenyewe anasema yule kijana alimwita mama. Akapanda ndege akaenda zake Dar, masaa matano na kitu, mwanamke ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anaogopa lifti. Mimi nimekaa uwanjani na kijitabu cha njano, nalipia kubadilisha tiketi, pesa ambayo ningenunua vile vijitabu vya dirhamu 20 kwa mtaa mzima.

Nilipofika Tanga siku mbili baadaye nikakuta habari imeshanitangulia. Binamu yangu mdogo alinipokea stendi akaninong'oneza, "Pole kaka. Tumesikia walikushika na pasi bandia." Shangazi ndo alivyoelewa, na ndo alivyohadithia, tena kwa huruma: kwamba mie yangu walikataa kwa kuwa mihuri ilikuwa michache, tisa tu, na yeye aliniambia mapema nisikae kwenye benchi nikagonge, sikusikia.

Rais Samia naye alienda Expo mwishoni mwa Februari ile ile, na shangazi alipoona kwenye taarifa ya habari akasikitika kweli, wangekutana. Lile eneo siku hizi ni mji kabisa, Expo City, mkutano wa hali ya hewa COP28 ulifanyika hapo hapo 2023, na banda la Luxembourg nikilikumbuka goti bado linaniuma. Kule mtaani kwetu shangazi ni mtu aliyetembea nchi kumi na saba. Kwenye harusi pasi inazungushwa kama albamu, wanawake wanaifunua kwa ncha za vidole, na wakifika kwa samaki wa ukungu anawaeleza pale kulikuwa na mvua.

Mwaka juzi nikamtania kwamba Expo ya 2030 itakuwa Riyadh. Nilidhani atacheka. Akaweka kikombe chini, akasema vizuri, ataunganisha na Umra kabisa, kisha akaniuliza kama Uhamiaji wanatoa pasi ya kurasa nyingi zaidi.