Naitwa Haule, na Hawaii nzima inanicheka

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja hapa Honolulu, jino linanigonga mpaka sikioni, mara mama wa mapokezi akaita jina langu la ukoo. "Haule!" Akasita. Akaitazama fomu, akanitazama mimi ninayeinuka, akairudia fomu. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kuna mzee wa Kifilipino alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. "Samahani, mwanangu," yule mama akaniambia huku anajikaza, "kweli unaitwa hivyo?" Kweli, anti. Tangu kwa babu.

Nyumbani Haule ni Haule tu. Wamejaa Songea, wamejaa Ludewa, na Profesa Jay mwenyewe ni Joseph Haule. Huku wana neno lao, haole, linatamkwa karibu sawasawa na jina langu, na maana yake ni mzungu. Sasa piga picha: mtu mweusi tii anasimama katikati ya watu na kuitikia "naam" alipoitwa Mzungu. Nimeshazoea. Nikiagiza chakula natoa jina la ubatizo.

Kicheko hakikunikera. Kilichonikera kilikuja kama dakika kumi baadaye.

Aliitwa mama mwingine. Gauni refu la maua, ndala miguuni, na mtoto wa kike wa miaka saba hivi aliyeshika donge la wali na Spam, ile nyama ya kopo, lililofungwa kwa mwani, analimega punje kwa punje kama vile halitakiwi kuisha. Mama wa mapokezi ni yuleyule aliyeniita mwanangu. Lakini sauti ilikuwa nyingine. Alianza kusema polepole na kwa nguvu, kama anaongea na kiziwi aliye ng'ambo ya mto. Bima? UNA BIMA? Mama wa watu kadi alikuwa nayo mkononi, ameshaiweka mezani, na alijibu kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, wala si kwa kunong'ona: "Micro hao." Micro ni watu wa Micronesia, vile visiwa vya Pasifiki vilivyo magharibi ya huku. Na yule mzee aliyefuta machozi ya kicheko akatikisa kichwa, kwa maana ya "ndivyo walivyo".

Safari hii hakuna aliyecheka. Hakuna aliyeshtuka vilevile.

Nikaenda kazini na taya langu limekufa ganzi. Huko nikamkuta mwenzangu mmoja, mzungu aliyehamia kutoka Ohio, ananisubiri na msiba wake: asubuhi muuza samaki kamwita haole. Amedhalilishwa. Anataka tuzungumzie ubaguzi. Pole sana, ndugu yangu. Samaki ulipewa? Alipewa. Chenji? Alirudishiwa. Nyumba unayolala ni ya nani? Ameinunua mwaka jana.

Nisimcheke kupita kiasi, kwa sababu hili neno limepigiwa kelele miaka mingi. Asili yake halikuwa la wazungu hata kidogo. Lilikuwa la kitu chochote kilichotoka nje, mtu, mnyama au mmea. Kuna wanaopenda kueleza kwamba maana yake ni "wasio na pumzi", eti wageni wa kwanza hawakujua kusalimia kwa kubadilishana pumzi. Hadithi tamu, ila watu wa lugha wanaikataa kwa sababu irabu hazikubaliani. Mwaka 1990 pale Chuo Kikuu cha Hawaii, Mānoa, mwanafunzi mmoja mzungu aliandika kwenye gazeti la chuo kulalamikia kuitwa haole. Profesa Haunani-Kay Trask, mwana wa nchi, mwanaharakati na mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, akamjibu palepale gazetini kwamba kama hapapendi Hawaii, anaweza kuondoka. Ikawa moto. Wapo waliotaka profesa afukuzwe kazi. Kwa neno ambalo kwetu lingekuwa "mzungu, karibu machungwa".

Na Trask hakuwa anatania. Januari 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa na kikundi cha wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wanajeshi wa Marekani wakiwa wameshashuka kutoka melini kuwatia moyo. Mwaka 1896 sheria ikafanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na watoto wakachapwa kwa kusema lugha ya mama zao. Mwaka 1898 nchi ikamezwa. Mwaka 1993 Marekani ikaomba radhi, kwa azimio la Bunge, karatasi nzuri kabisa. Ardhi haikurudi na karatasi. Mwaka 2012 bilionea wa Marekani, Larry Ellison, alinunua asilimia 98 ya kisiwa cha Lānaʻi. Kisiwa! Si shamba, si kiwanja. Huku upande wa pili, wenyeji zaidi ya 28,000 wako kwenye orodha ya kusubiri viwanja vilivyotengwa kwa ajili yao na sheria ya mwaka 1921, wengine wamezikwa wakisubiri. Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba Wahawaii wa asili walio nje ya Hawaii sasa ni wengi kuliko waliobaki nyumbani. Mtu kama huyo akikuita haole kwa ukali, mimi namwelewa.

Haya, nitakubali kidogo, kwa shingo upande. Neno hilo limewahi kuja na ngumi. Mwaka 2014 kule Kahakuloa, Maui, mzungu mmoja aliyekuwa anakarabati nyumba yake alipigwa vibaya na vijana wawili wenyeji, na mwaka 2022 baraza la mahakama ya shirikisho likasema wazi kwamba alipigwa kwa rangi yake. Na wapo wazungu waliokulia hapa wanaosimulia jinsi siku ya mwisho ya muhula ilivyokuwa siku ya kujificha. Mtoto wa miaka kumi na mbili hakumpindua malkia. Hilo nalikubali. Lakini msinilazimishe nisahau Joseph Kahahawai, mwenyeji aliyetekwa na kupigwa risasi mwaka 1932 kwa tuhuma ya ubakaji ambayo haikuthibitishwa. Wazungu wanne walipatikana na hatia ya kumuua, wakahukumiwa miaka kumi, na gavana akaipunguza ikawa saa moja. Saa moja, waliyoitumikia ofisini kwake.

Ndiyo tofauti ninayoisema. Haole ni neno linalotupwa kwenda juu. Linaweza kukuumiza moyo, lakini halikufukuzi nyumbani kwako.

Mimi mwenyewe nina neno langu hapa. Mtu mweusi ni pōpolo. Nilipolisikia mara ya kwanza nikauliza maana yake, nikapelekwa kwenye uzio kuonyeshwa mmea. Jamani, mnavu! Mnavu wa kwetu kabisa, na vitunda vyake vyeusi vinavyong'aa, ule ambao bibi alikuwa akitupikia na karanga. Kwa Wahawaii ni dawa ya kuheshimika. Napenda kuwaza kwamba Barack Obama mkubwa, baba wa yule rais, alipofika Mānoa mwaka 1959 kama mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika, aliukuta umeota pembeni ya njia akauita osuga, kwa Kijaluo chake. Kuna weusi wenzangu hapa neno hili linawachoma, na wana haki yao. Mimi kuitwa mboga ya bibi kumenishinda kukuchukia. (Machotara nao huitwa hapa. Mtu anakwambia "mimi ni hapa", wewe unatafuta wapi.)

Turudi kliniki, maana ndiko moyo ulikobaki.

Wale waliokuwa kwenye yale mabenchi, karibu wote, babu zao waliletwa kukata miwa. Wachina, Wareno, Wajapani, Wakorea, Wafilipino. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa panga siku ya kwanza, na pamoja na panga walipewa bango. Ndiyo, wanaita bango hivyohivyo, kutoka Kijapani: kipande cha bati chenye namba, unakivaa shingoni, na dukani unakopa kwa namba hiyo, mshahara unalipwa kwa namba hiyo. Mnyapara, huku anaitwa luna, hana haja ya kujua jina lako. Nilipokiona kwenye jumba la makumbusho nilisimama pale muda mrefu. Babu yangu alitoka Songea kwenda kukata mkonge Tanga, akawa manamba, na mnajua kwa nini wakaitwa manamba.

Tena waliwekwa kambi mbalimbali, kila taifa na kambi yake, na mishahara yao, kwa kazi ileile, ilitofautiana. Mreno alipanda akawa luna, mzungu kidogo lakini si haole. Sensa nayo kwa miaka mingi ilimhesabu pembeni. Mjapani chini yake, Mfilipino aliyekuja mwisho chini kabisa. Mwaka 1909 Wajapani waligoma peke yao wakashindwa. Iliwachukua mpaka 1946 kugoma wote kwa pamoja, visiwa vyote, na wakashinda. Ningetamani hadithi iishie hapo. Ila ile ngazi haikuvunjwa, watu walipanda tu vidaraja. Na ukishapanda, unatafuta wa kukanyaga. Vichekesho vile vya "Mreno mjinga" na "Mfilipino anakula mbwa", vilivyochekesha vizazi viwili, sasa vimebadilishwa jina tu na kuhamishiwa kwa hawa wapya: Wachuuk, Wamarshall, Wapohnpei, wote wakatupwa kwenye kapu moja la "Micro".

Na wamekuja kwa nini? Hapa ndipo damu inanichemka, kwa sababu watu wanaongea kana kwamba hawa wamedandia mtumbwi kufuata posho. Machi 1946 jeshi la Marekani liliwahamisha watu 167 wa Bikini, wakaambiwa ni kwa manufaa ya wanadamu wote. Kisha kati ya 1946 na 1958 likalipua mabomu 67 ya nyuklia katika visiwa vya Marshall. Moja tu, lile la tarehe 1 Machi 1954, lilikuwa na nguvu mara elfu ya lile la Hiroshima. Majivu yakawaangukia watu wa Rongelap kama unga, watoto wakayachezea. Walihamishwa siku mbili baadaye, ngozi zimeshaungua. Mwaka 1957 wakarudishwa, wakaambiwa ni salama. Mwaka 1985 waliondoka wenyewe, kwa meli ya Greenpeace, maana waliishazika wengi mno.

Mwaka uliofuata mkataba wa Marekani na visiwa vya Marshall na Micronesia ukaanza kazi: Marekani ibaki na mamlaka ya kijeshi juu ya bahari ile, nao waruhusiwe kuishi na kufanya kazi Marekani bila viza. Hiyo si hisani, ni kodi ya nyumba. Makombora bado yanalengwa Kwajalein mpaka leo. Na mwaka 1996 Bunge likawafuta kwenye bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, huku kodi wanakatwa kama wengine. Ilirudishwa Desemba 2020. Miaka ishirini na minne, kwa watu wenye saratani za tezi na figo za kusafishwa. Kwa hiyo anti, ukimpazia sauti mama yule "UNA BIMA?", ujue umemuuliza nini.

Wenyeji, kanaka maoli, nao wamo kwenye kulisema hili neno la "Micro", na inaniuma kuliandika. Aliyesubiri kiwanja miaka arobaini, akimwona mgeni kapata chumba cha serikali mtaa wa Kalihi, hasira yake inashuka kwa aliye jirani. Ellison yuko mbali, ana uzio. Nasi tusijifanye malaika: waulizeni wa bara walioitwa machogo Unguja, halafu waulizeni ni lini mtalii alikoseshwa kiti kwa kuitwa mzungu.

Kosa langu nalisema pia. Pale kliniki sikufungua mdomo. Nilijiambia ni jino.

Nilipotoka niliwakuta kituoni, mama na binti yake. Mtoto alikuwa ameshanitambua. "Wewe ndiye Haole," akasema, kisha akacheka na wali mdomoni. Mama akamfinya kidogo begani, akaniomba radhi. Nikamwambia hapana, ndilo jina langu, la kwetu Tanzania. Akauliza Tanzania iko wapi, nikachora hewani, bahari hii, kisha bara, kisha bahari nyingine. Akaifuata ramani yangu ya kidole kwa makini.

"Na unaweza kurudi?" akaniuliza.

Nikamwambia naweza, shida ni nauli tu. Akatikisa kichwa, kama mtu anayehesabu kitu. Basi la Kalihi likaja, akamnyanyua mtoto.