Kurabu aliletwa ale taka

Kunguru wa shingo ya kijivu, anayeitwa kurabu Mombasa, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, Waingereza wakiwa ndio wenye amri, ili ale taka za mji. Kwa lugha ya leo, yeye mwenyewe alikuwa njia ya asili. Leo watu wanabishana kama apunguzwe kwa sumu au kwa njia za asili. Nikisikia mtu anasema "tutumie njia za asili" kana kwamba neno hilo limeshamaliza kesi, nakumbuka kurabu alivyoletwa.

Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS) lilitangaza nia ya kuua kurabu milioni moja kabla mwaka haujaisha, kwa sumu ya Starlicide. Wengi walishtuka, lakini hoja ya wenye sumu si nyepesi. Kurabu humaliza mayai na makinda ya mnana na ndege wengine, na vifaranga vya kuku hawasalimiki. Sumu hiyo huvunjika mwilini mwa ndege kabla hajafa, kwa hiyo anayekula mzoga hana hatari kubwa. Tena ilishajaribiwa: zaidi ya miaka 20 iliyopita, Malindi na Watamu, kurabu walibaki wa kuhesabika. Sumu ilipoacha kuingia nchini, wakarudi.

Hapo kwenye kurudi ndipo penye kesi. Waliwaua ndege, jaa likabaki.

Upande wa pili, wa wanaotaka njia za asili, nao una vya kwao. Kumwachia mwewe kazi ya kuwapunguza sioni kama kutafika mbali, maana kurabu humzonga kwa kundi mpaka akimbie mwenyewe. Mtego ni habari nyingine: tundu kubwa la waya, nyama ndani, na kurabu mmoja hai wa kuwaita wenzake. Akiingia kunguru wetu wa kifua cheupe, unamfungulia mlango akaruka zake. Sumu haifungulii mtu. Ila kurabu ana akili. Akishaona wenzake wamenaswa, huanza kuukwepa. Kubomoa viota nako kunafaa, kwa atakayekubali kupanda mwembe uleule tena na tena.

Kuhusu kufunika taka ili kurabu akose chakula, nina shaka moja. Kurabu aliyefunikiwa pipa la taka asilifikie hafi kesho. Atahamia kwenye viota vya wengine kwa njaa zaidi, na msimu wa kwanza huenda ukawa mchungu kwa mnana. Kwa hiyo pipa na mtego viende pamoja, kuanzia penye chakula cha wazi kama Forodhani, Unguja, usiku vibanda vikishafungwa, na sumu ibaki kwa pale mtego uliposhindwa.

Mombasa walifunga jaa la Kibarani, mahali pakageuzwa bustani, taka zikapelekwa jaa la Mwakirunge. Kurabu hahitaji nauli kufika huko.