Amplifaya ya valvu ya kwanza nunua ya kawaida, hela weka kwenye chuma

Watu wanaoniuliza kuhusu amplifaya za valvu karibu wote wanaanza palepale, ninunue ipi, halafu wanatuma picha, na kwenye picha kuna vichupa vya kioo vinawaka rangi ya chungwa, basi mtu ameshapenda, anachotaka ni mimi niseme ndiyo. Mi huwa nauliza kitu kimoja tu: una spika gani? Hapo ndo mazungumzo yanakufa.

Geuza spika uangalie kibandiko cha nyuma, au tafuta karatasi yake. Wengi macho yanakimbilia kwenye wati, spika ya wati 100, ya wati 150, hiyo namba kwa kazi yetu haisaidii sana, ni mzigo ambao spika inaweza kuvumilia tu. Tafuta namba yenye desibeli, 86, 88, 91, hiyo ndo inakwambia spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja na wewe uko mita moja mbele yake. Halafu hesabu haina huruma: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Kwa hiyo kile ambacho mwenye spika ya 92 anakipata kwa wati 10, mwenye spika ya 86 anakitafuta kwa wati 40. Ndo maana namshangaa mtu anayelipa hela ndefu kutoka wati 35 kwenda 70, ameongeza desibeli 3, sikio linasema ah, imepanda kidogo.

Kingine ni omu, yaani kipimo cha jinsi spika inavyoupinga umeme. Amplifaya ya valvu nyuma ina sehemu za kufungia waya zimeandikwa 4 na 8, wakati mwingine na 16, hizo ni njia tofauti zinazotoka kwenye transfoma. Sasa kuna spika zimeandikwa 8 lakini sauti zingine zikipita zinashuka mpaka 3, amplifaya ya transista, zile za kawaida zisizo na valvu, haijali sana, ya valvu inajali, besi inakuwa legelege. Ukikutana na spika ya hivyo jaribu kuifunga kwenye 4 hata kama kibandiko kinasema 8, sikiliza pote pawili, hakuna atakayekukamata.

Halafu kuna huu ugonjwa wa 300B. Ni valvu ya kampuni ya Western Electric ya tangu miaka ya 1930, tamu, sibishi, mwenye nayo hawezi kumaliza dakika kumi bila kukutajia. Lakini kwenye saketi ya valvu moja kila upande inatoa wati 8 hivi. Piga hesabu kwenye spika ya 86: ukiifungulia mpaka mwisho unafika desibeli 95 ukiwa mita moja, na wewe hukai mita moja, unakaa kwenye kochi kule, na muziki una sehemu za ghafla, ngoma inapigwa, tarumbeta linapanda, hapo wati zinaisha na sauti inaanza kukunjana. Mwenye spika kubwa za honi za 98 au 100 huyo aende nayo, itamfaa. Ila mwenye spika ndogo za rafuni akinunua 300B ananunua kitu cha kutazama.

Mi ningekuwa naanza leo ningechukua amplifaya ya EL34, hilo ni jina la aina ya valvu, tena ya pushi-puli, yaani valvu mbili kila upande zinagawana kazi, moja inavuta nyingine inasukuma, unapata wati 30 mpaka 40. Ni mfumo wa kizee kabisa. Dynaco Stereo 70 ya David Hafler ilitoka 1959 ikiwa hivyohivyo, EL34 nne, wati 35 kila upande, na ilikuwa inauzwa hata vipande vipande mtu anaichomelea mwenyewe nyumbani, mpaka leo watu bado wanaitengeneza na kuinakili. Kama chumba ni kidogo na husikilizi kwa fujo basi EL84, wati 10 mpaka 15, inapoa kidogo na valvu zake bei rahisi. Hakuna atakayekusifia kwa kununua EL34, najua, ni chaguo la kawaida sana, lakini itapiga spika nyingi ambazo watu wanazo nyumbani.

Na iwe inajipangia bayasi yenyewe. Bayasi ni ule umeme mdogo unaopita kwenye valvu hata kama hakuna muziki, zikibadilishwa valvu au zikichoka lazima ipangwe upya, kwa amplifaya zingine unachukua bisibisi na mita unazungusha taratibu huku kifuniko kimefunguliwa na ndani kuna volti 400. Wapo wanaoipenda hiyo kazi. Wa mara ya kwanza asiianze na hiyo, na ajue pia kwamba ukichomoa plagi kapasita, vile vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme, bado zimeshika umeme, kuchomoa peke yake hakutoshi.

Sasa hela iende wapi? Kwenye chuma, yaani transfoma. Amplifaya ya valvu ya kweli ukiitazama kwa juu utaona maboksi matatu nyuma ya valvu, transfoma moja ya umeme wa ukutani na mbili za kutolea sauti, moja kwa kila spika. Hizo mbili ndo zinaamua besi yako itakuwaje, na ni ghali kusuka vizuri, kwa hiyo mtengenezaji akitaka kubana anabana hapo. Uliza kilo. Ya EL34 ya wati 35 yenye kilo tano tu, achana nayo. Na vile vidude vya mtandaoni vya bei ya kutupa, vinabebeka kwa mkono mmoja, vina vivalvu viwili vidogo mbele, ndani kuna chipu ya klasi D, mambo ya transista hayo, ndo inayofanya kazi yote, na chini ya valvu wameweka kataa ka LED ka rangi ya chungwa ili ionekane inawaka. Inaweza kupiga muziki vizuri tu, shida yangu ni kuitwa amplifaya ya valvu. (Zipo za kweli zisizo na transfoma ya kutolea, zinaitwa OTL, hizo mwachie mtu aliyeshazoea.)

Umeme wetu nao una maneno yake. Nyingi zinatoka China na zimesukwa kwa volti 220, Tanzania tuko 230, Kenya na Uganda 240. Ndani ya valvu kuna kanyuzi ka kupasha joto kanakotaka volti 6.3, sasa ukichomeka ya 220 kwenye 240 kanapata karibu 6.9, bado kako ndani ya asilimia kumi zinazovumilika, lakini siku umeme ukipanda kidogo tu umeshavuka, na ile volti kubwa inapanda pamoja nayo. Muulize muuzaji kama transfoma ina njia ya 230 au 240, akikujibu "inafanya kazi popote" ujue hajakujibu. Ya Marekani ya 120 itataka transfoma ya kushushia, halafu kule ni hezi 60 na huku ni 50, iliyotengenezwa kwa 60 tu inachemka zaidi ikija huku. Weka frijigadi hapo, na umeme ukikatika zima swichi kabisa, usiiache isubiri ule mshtuko wa kurudi.

Joto ni lingine. EL34 moja inakula karibu wati 9 na nusu za kujipasha peke yake, bado haijaimba, amplifaya nzima unaweza kuiweka kwenye wati 150 hivi muda wote, imba isiimbe. Masaa manne ni uniti 0.6, luku utaiona inavyoshuka. Kile kikapu cha chuma kinachofunika valvu watu hukitoa kwa sababu ya picha, kama una mtoto mdogo kirudishe. Na mijusi jamani, mijusi inapenda joto, ikiingia chini kwenye saketi ni msiba wa mjusi na wa fyuzi.

Kabla hujalipa angalia pia valvu utazipata wapi miaka ijayo. Uzuri wa EL34, EL84 na 6L6 ni kwamba wapiga gitaa nao wanazitumia kwenye amplifaya zao, kwa hiyo viwanda havijaziacha, kuna JJ wa Slovakia, kuna Urusi, kuna China. Mwaka 2022 Urusi iliposimamisha kuuza nje bei ziliruka, na aliyekuwa na valvu za kawaida angalau alikuwa na pengine pa kukimbilia. Valvu kubwa hudumu masaa elfu mbili mpaka elfu tano hivi, zile ndogo za mbele zaidi ya hapo.

Nani asinunue kabisa? Mtu wa amapiano ya kutikisa madirisha, huyo transista zitampa wati nyingi kwa hela kidogo na sauti safi zaidi ukipima kwa vifaa, hilo sifichi. Valvu inaongeza chumvi yake, na ikizidiwa inakunjana taratibu badala ya kukata ghafla, kwenye gitaa la Mbaraka Mwinshehe au sauti ya mtu na udi, mi ndo napenda hivyo.

Ukiikuta ya mtumba iombe iwashwe mbele yako ikiwa imefungwa spika, isiwashwe na kupigishwa bila spika hata kwa kujaribu, transfoma ya kutolea inaweza kuungua. Iache ipate moto robo saa, zima taa ya chumba, angalia yale mabati ya ndani ya valvu, likiwa jekundu hata moja bayasi ni mbovu au valvu imekwisha. Juu au ubavuni mwa kioo kuna doa linalong'aa rangi ya fedha, likiwa limegeuka jeupe hewa imeshaingia, hiyo valvu ni ya kutupa. Na kama ni ya miaka ya 50 au 60 ambayo kapasita zake hazijawahi kubadilishwa, toa gharama ya fundi kwenye bei, na fundi awe anazijua valvu kweli, siyo aliyezoea kutengeneza sabufa.